Jioni za Kijijini kwa Devidas

Jua lilikuwa linazama nilipopanda stoo kufunga katoni zangu za viatu. Gari la kwenda bandarini Nansha lingekuja asubuhi, na mimi hata solotepu ya kufungia nilikuwa sijaigusa. Stoo ile, nyuma ya barabara ya Zhanxi hapa Guangzhou, China, tulipanga wawili: mimi, Kissa wa Tukuyu, na Devidas, Mhindi mpole aliyekuwa akinunua vifungo na zipu. Tuliongea Kiingereza cha sokoni. Tulipatana kwa sababu wote tulikulia shambani.

Nilimkuta amekaa sakafuni, simu mkononi. Mama yake alikuwa amepiga video, kama kila jioni.

"Njoo uone, dada," akaniambia.

Nikachuchumaa pembeni yake. Kijiji kile nilikuwa nimeshakizoea. Kiko India, ndani sana Maharashtra, jimbo lenye jiji la Mumbai, katikati ya mashamba ya pamba. Mama mwenyewe alikuwa haonekani; aliishika simu na kutembea nayo taratibu, tukisikia bangili zake tu... Kisima cha mawe, ukingo wake umelika kwa kamba za miaka mingi. Mwarobaini uliofungwa nyuzi nyekundu. Uwanja wa kupuria mtama. Zizi la maksai. Na mwisho wa njia, pale mashamba yanapoanzia, jiwe lililopakwa rangi nyekundu, kimo chake kama mtoto aliyechuchumaa.

Devidas alishanieleza habari za jiwe lile. Nafaka ya kwanza ya kila mavuno huwekwa mbele yake kabla watu hawajala. Kisima kilipokauka, kijiji kizima kilihama. Mama yake alikataa. Alisema akiondoka, nani atalilisha jiwe?

Jioni ile nikagundua kitu.

India wako nyuma ya China kwa saa mbili na nusu. Huku kwetu jua ndiyo kwanza linazama. Kule ilipaswa kuwa alasiri, jua linachoma.

Kwenye simu kulikuwa giza.

Nikakumbuka... siku zote kulikuwa giza.

Nikamuuliza kwa kunong'ona, mbona kwao ni usiku? Hakunitazama.

"Mama alifariki mwezi wa nne," akasema. "Moto wa kumchoma niliuwasha kwa mkono wangu."

"Sasa huyu ni nani?"

"Sijui."

"Kwa nini unapokea?"

"Nisipopokea, anakuja."

Bangili zikalia. Halafu nikasikia harufu ya moshi wa samadi, ule moshi mzito wa jikoni kijijini. Stoo ile haina dirisha.

"Ugonile, Kissa."

Sauti ilitoka kwenye simu. Hiyo ni salamu ya kwetu, Kinyakyusa safi, sauti ya mama mtu mzima. Tangu nifike Guangzhou hakuna aliyewahi kunisalimu hivyo.

Nikaitikia.

Mdomo uliitikia wenyewe, kama unavyomwitikia mkubwa bila kufikiri. Bangili zikanyamaza. Picha ikasimama kwenye jiwe jekundu. Mbele yake palikuwa na sahani, tupu. Kisha simu ikakatika.

Devidas akashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nisamehe, dada. Anataka mtu wa kulilisha jiwe. Mimi nimechoka."

Ndipo nikaelewa kwa nini kila jioni alikuwa ananiita nije nione.

Asubuhi hakuwepo. Laoban, mwenye stoo, alisema Mhindi amerudisha ufunguo alfajiri na kuacha mzigo wake wote. Nilimpigia, simu haikupatikana.

Jioni ikaita simu yangu.

Nilibadilisha laini. Ikaita. Nilinunua simu nyingine. Ikaita. Niliacha kupokea mara moja tu, na kilichokaa pembeni ya kitanda changu hadi kulipopambazuka sitaki kukisimulia.

Nilimwendea Mildred, mama wa Kenya anayetuongozea maombi ya Jumapili. Akanishika mikono, akaomba hadi sauti ikamkauka. Simu ilipoita akaichukua yeye, akatazama, akaniambia haoni kitu, ni kioo cheusi tu. Lakini aliiweka chini haraka. Akafuta viganja kwenye sketi, akafuta tena. Tangu siku hiyo akiniona sokoni anapita upande wa pili.

Juzi bangili hazikulia. Aliyeishika simu alikuwa Devidas.

Alinipitisha kisimani, mwarobainini, hadi mlango wa nyumba ya mama yake. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba kimetandikwa.

"Nyumba tumeipaka samadi upya," alisema taratibu. "Mama anauliza utafika lini."

Akajigeuzia simu. Alikuwa amepakwa rangi nyekundu, kuanzia paji la uso hadi shingoni, na hakupepesa macho.

Sikulala. Asubuhi nikakata tiketi ya kurudi nyumbani, ya kupitia Addis. Nilitaka kumwona mama yangu, basi. Mzigo utafika wenyewe.

Jana ukaja ujumbe: safari ile imefutwa, nimepangiwa ndege nyingine. Nikaenda mbio ofisi ya tiketi. Nikamsihi yule binti wa Kichina aniangalizie njia yoyote, siku yoyote, hata ya kuzunguka dunia nzima. Akaangalia kompyuta yake kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Meiyou," akasema. Hakuna.

Naondoka kesho. Ndege inapitia Mumbai.