Mtungi wa Bi Biasha

Kheri wa Mzee Boga ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na haya sikuhadithiwa na mpita njia. Jumanne ile alikunywa chai yake ya tangawizi, akavuka kwa mtumbwi hadi kile kisiwa kidogo kusini ya Gazi, na jembe, kamba ya kupimia na vibati vya namba. Judy, mkubwa wake wa mradi, alitaka mimea ihesabiwe kuanzia mikoko ya chini majini, mikwamba ya katikati, hadi msitu wa mzimu kileleni. Ya asili iandikwe. Ya kuja ing'olewe.

Ya kuja ilikuwa miarobaini minne tu, imeshuka mteremko mmoja mmoja. Wa kileleni mkubwa kuliko yote, wa mwisho mdogo, umesimama karibu na mikoko. Kheri alishangaa. Mwarobaini hufuata watu, na kisiwa kile hakikaliwi.

Niseme ukweli, maana kijijini petu hausemwi. Aliwahi kukaa mtu, siku chache. Miaka kumi na minane iliyopita, wazee wanne walimtuhumu Bi Biasha, mganga wa majani, kwamba anaroga watoto. Uongo mtupu. Wakamvusha, wakamwacha huko bila tone la maji. Kila mmoja akachana kitambaa cha nguo yake, akakifunga kwenye mti wa mzimu, akaapa hatamrudia. Mzee Boga alikuwa wa nne. Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira.

Kheri akang'oa wa kileleni. Mzizi umezongwa kitambaa chekundu. Akadhani taka, akachoma vyote. Alasiri msikiti ukatangaza kwamba Mzee Ngala, mmoja wa wale wanne, amefariki.

Jumanne ya pili akang'oa wa pili. Kitambaa cheupe. Alasiri, msiba mwingine, na aliyekufa naye alikuwa mmoja wa wale wanne. Akasema ni kadari ya Mungu.

Jumanne ya tatu mti ulikuwa umeshalegea mikononi alipoona kitambaa. Akaurudisha shimoni, akaushindilia udongo kwa magoti. Mtumbwi haujagusa pwani, akasikia kipaza sauti cha msikiti kikitangaza kifo cha mzee wa tatu.

Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kitambaa chako kilikuwa rangi gani?"

"Kijani," mzee akanong'ona. "Usiung'oe, Kheri. Nakuomba."

Judy alisema mmea vamizi ni mmea vamizi. Kheri akamsihi, mtu mzima machozi yanamtoka, hata Judy akaandika daftarini: uachwe. Kheri akauzungushia uzio. Akashusha pumzi.

Bamvua likaja, bahari ikajaa kupita kawaida. Mti ule ulikuwa chini mno, na mwarobaini hauvumilii maji ya bahari. Yaliupanda hadi kati ya shina. Majani yakanyauka.

Nyumbani, Mzee Boga akaanza kulalamika kiu. Akapewa maji, akayatema.

"Ya chumvi," akasema.

Tuliyaonja. Ya kisimani, matamu.

Kheri akapakia majerikani. Siku tatu alivusha maji matamu kuuosha mzizi, akarudi, akajaza tena. Mabega yakachubuka. Kila akimwaga, udongo unakunywa na kukauka papo hapo. Siku ya tatu akapiga magoti.

"Bi Biasha, kunywa basi," akanong'ona. "Mwachie baba."

Jani la mwisho likamdondokea begani.

Tulimzika Mzee Boga kesho yake. Midomo ilikuwa imepasuka. Mto wake wa kulalia ulikuwa na chembe za chumvi.

Matanga yalipokwisha, Kheri akaniambia jambo. Siku ile ya kumvusha Bi Biasha, naye alikuwamo mtumbwini, kijana wa miaka ishirini. Hakuapa, hakufunga kitambaa. Bibi yule alikuwa ameukumbatia mtungi wake wa maji. Kheri aliuchukua, akaurudisha mtumbwini.

"Niliambiwa niuchukue," akasema.

 

Akainuka kwenda kuchota maji ya kutawadha, akaniita. Nikamfuata. Mtungi wake ulikuwa mkavu, na chini kabisa umechipua mwarobaini, majani mawili. Shinani pamefungwa kibati cha mradi, namba tano. Mwandiko ulikuwa wa Kheri, naye anaapa hakuwahi kukiandika.

Ameupanda uani. Anaumwagilia asubuhi na jioni, hathubutu kuacha.

Jana aliniomba maji ya kunywa. Nikampa. Akayatema.