Siku Mzee Khalfani Alipojisomea Mashitaka

Kila Jumamosi, Raudha alikuwa mwizi. Si kwa kupenda kwake. Dada yake, Mwanaasha, alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea sheria, na kila aliporudi nyumbani Kinondoni mwisho wa wiki alihitaji mtu wa kumshitaki. Mama alikuwa na kazi zake, na paka hajibu maswali. Akabaki Raudha wa darasa la saba, mikono ikiwa ndani ya beseni la vyombo.

“Mshitakiwa, usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?”

“Si tulilala wote, dada? Ukalivuta shuka lote peke yako.”

“Mahakamani hakuna dada. Sema mheshimiwa.”

“Mheshimiwa, ulilivuta shuka lote peke yako.”

Muhula ule Mwanaasha alikuwa anasoma jambo jipya: makosa ya jinai yanayotendwa kwa kompyuta. Mama hakulielewa hata kidogo.

“Mtu anaibaje kwa kompyuta? Anampiga nayo mwenye mali kichwani?”

Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulikuwa na kompyuta moja tu, dukani kwa Mama Kokushubila, walikopiga chapa na fotokopi. Jioni ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Nani angedhani chombo cha heshima namna ile kinaweza kufanya uhalifu?

Ndiyo maana mhadhiri wake, Dokta Ansbert, alimwagiza Mwanaasha awaeleze watu wa mtaa wake somo hilo kwa Kiswahili chepesi. Yeye mwenyewe angekuja Jumapili kusikiliza na kumpa alama, na bila alama hizo Mwanaasha angerudia somo zima. Akaandika kurasa kadhaa, akabuni na mwizi wa mfano, akampa jina Sudi.

Jumamosi hiyo dada na mdogo wake walikwenda dukani kuzichapa. Fransis, kijana aliyeajiriwa kuiendesha ile kompyuta, alipenda sana kujionyesha.

“Raudha, njoo uone maajabu. Ukitaka kubadilisha neno, huhangaiki kulitafuta ukurasa hadi ukurasa. Unaiambia mashine: kila penye ‘gari’ weka ‘punda’. Unabonyeza hapa. Umemaliza.”

“Zote kwa mara moja?”

“Zote. Halafu nazirudisha hivi. Mashine hii ina akili kuliko mjomba wangu.”

Kurasa zote zilipokwisha kuingizwa kwenye mashine, kabla hazijatolewa kwenye karatasi, Mwanaasha akatoka kuongea na Mama Kokushubila barazani, na Fransis akaenda kuliongezea mafuta jenereta, maana ilikuwa siku ya mgao wa umeme. Raudha akabaki ana kwa ana na kompyuta. Vidole vikaanza kumwasha.

Wiki hiyo Mzee Khalfani, mjumbe wao wa nyumba kumi, alikuwa amemsemea kwa mama yake kwamba anapiga mpira kwenye ukuta wake uliopakwa chokaa juzi. Raudha aliambulia makofi. Basi akaiambia mashine: kila penye “Sudi” weka “Mzee Khalfani”. Akabonyeza. Akaziba mdomo kwa mkono asisikike anavyocheka.

Alidhani dada yake ataona, watacheka wote, kisha Fransis atarekebisha. Lakini Mwanaasha alikuwa ameshasoma kazi yake yote kabla ya kwenda barazani. Aliporudi akahimiza: “Haraka, Fransis, jenereta lisije likazima!” Karatasi zikatoka, zikapigwa fotokopi, zikafungwa kamba. Raudha akafungua mdomo aseme, akakumbuka yale makofi, akaufunga.

Jumapili alasiri watu walijaa uani kwa Mzee Khalfani. Dokta Ansbert aliketi mbele, kalamu mkononi. Mama Kokushubila na Fransis nao walikuwepo, wakigawa nakala. Mwanaasha aliposimama, Mzee Khalfani alimpungia mkono akae.

“Mwanangu, mkutano uko uani kwangu. Ukurasa wa kwanza nitausoma mie.”

Hapakuwa na wa kumzuia. Mzee yule alipenda kusoma hadharani kuliko kula. Alivaa miwani, akakohoa, akatoa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Na ubaya ulikuwa hapo: sauti yenyewe ilimnogea hata maana hakuifuata.

“Ndugu wananchi! Tuchukulie kwamba Mzee Khalfani ni mwizi mzoefu.”

Watu wakatazamana.

“Mzee Khalfani haibi kuku, kwa sababu kuku hupiga kelele. Mzee Khalfani huiba akiwa ameketi kitini!”

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. Kicheko kikasambaa. Mzee Khalfani akadhani wanafurahia usomaji wake, akaongeza sauti.

“Je, tumkamate vipi Mzee Khalfani, ambaye hakuvunja mlango wala...”

Akasita. Akaisogeza karatasi karibu na pua. Akaisogeza mbali. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jina halikuondoka.

“Mwanaasha! Mie ndiye mwizi mzoefu? Uani kwangu? Kwenye viti vyangu?”

“Mzee, wallahi sikuandika hivi!” Mwanaasha akamkimbilia. “Niliandika Sudi!”

Dokta Ansbert akaiweka kalamu chini. Raudha akazikumbuka alama za dada yake.

“Basi ni Fransis,” akasema Mama Kokushubila kwa ukali. “Mashine anaishika yeye tu. Fransis, umeniaibisha! Kesho usije kazini.”

“Mama, sijafanya mie! Nimfanyie nini mzee wa watu?”

“Nimesema usije.”

Fransis akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Macho yake yakapita kwa Raudha, yakaenda zao. Hakumshuku hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma Raudha kuliko yote. Akasimama.

“Ni mimi. Fransis hajui kitu, wala dada. Nilibadilisha walipotoka. Nilikuwa nataka kucheka tu.”

“Polisi!” akaunguruma Mzee Khalfani. “Huyu apelekwe polisi!”

Mwanaasha akavuta pumzi, akasogea katikati ya ua bila karatasi yoyote.

“Mzee wangu, nipe dakika chache, kisha uamue. Mama aliniuliza mtu anatendaje ubaya kwa kompyuta. Leo mmeona. Hakuna kufuli lililovunjwa. Lakini Mzee amechafuliwa jina, mie kidogo nipoteze masomo, na Fransis amefukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake. Sheria zetu bado hazijalitaja jambo hili kwa jina lake, ila sheria ya jinai huuliza mambo mawili: umetenda nini, na ulikuwa na nia gani? Raudha ni mtoto, na nia yake ilikuwa utani. Lakini alichotenda kimetendeka.”

Maswali yakaanza kumiminika. Hata mama aliuliza, na safari hii hakumtaja mtu wa kupigwa kichwani. Dokta Ansbert akaichukua tena kalamu yake, na hakuiweka chini mpaka mwisho.

Mama Kokushubila alikuwa wa kwanza kuinuka. “Fransis, nisamehe. Kesho njoo mapema.”

“Nitakuja, mama. Ila watoto mie siwafundishi tena.”

Raudha akaenda mbele ya Mzee Khalfani, akapiga magoti. “Shikamoo, babu. Naomba unisamehe.”

Mzee akamwashiria ainuke.

“Marahaba. Sasa sikiliza. Utapita kila nyumba iliyochukua karatasi hizi, utafuta jina langu kwa kalamu, na utasema ni nani aliyeliweka. Mwenyewe, kwa mdomo wako.”

“Ndiyo, babu.”

“Na ukumbuke hili, mjukuu wangu. Utani ni pale mimi na wewe tunapocheka wote. Ukicheka wewe peke yako na mwenzako analia, huo si utani, umeshamkosea. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako.”

Raudha akaitikia, akachukua kalamu. Alianza na nakala ya Mzee Khalfani mwenyewe. Alipofika kwenye kuku, mabega ya mzee yakaanza kutikisika.

“Huiba akiwa ameketi kitini!” akasema, na machozi ya kicheko yakamtoka. “Hebu ngoja, usifute kwanza. Nimsomee mke wangu.”