Gia Mbili za Sifa

Jamani, nyumba ya mkunga mmoja ilikuwa na amani yake. Asubuhi ungemkuta uani akimwogesha kitinda mimba kwenye beseni la bluu, mumewe ameketi kizingitini na kikombe cha chai, na gari lao la otomatiki limeegeshwa kando ya ukuta. Mtaa mzima ulilijua gari lile. Zahanati ikizidiwa na mzazi, mkunga humlaza kiti cha nyuma, mumewe akashika usukani, na hospitali wakafika. Wanawake wengi walijifungua salama kwa sababu yake.

Kisha mume akaonja sifa.

Alikuwa fundi wa mageti, mtu wa kazi zake, mpaka Jumapili moja alipokwenda na gari lile kwenye mbio fupi za magari, zile za mstari mnyooka. Akashinda. Wapambe wakambeba mabegani na kumpachika jina la Risasi. Tangu siku ile, ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi, haitiki.

"Injini unayo, bosi," wapambe walimwambia. "Kinachokuangusha ni giaboksi. Legelege mno!"

Akaenda gereji, wapambe nyuma, mkewe pembeni. Fundi wa giaboksi akafuta mikono, akauliza, "Gari hili kazi yake nini hasa?"

"Jumapili mbio. Siku nyingine ni la nyumbani."

"Basi lina mabwana wawili. Kuna hii ya gia nne. Naiimarisha ndani, naifungia na rejeta ya kupoza mafuta yake. Kwenye mbio utapitwa kidogo, lakini foleni haitaisumbua. Ile pale ya gia mbili ni ya mbio tupu. Inaruka kama swala, ila ukiisotesha kwenye foleni mafuta yanachemka."

"Chukua ya gia nne, mume wangu," mkunga alisema.

Wapambe wakaangua kicheko. "Shemeji, hiyo ni ya kwendea sokoni!"

Risasi naye akacheka, akicheka pamoja nao na kumcheka mkewe. Akachagua ya gia mbili. Rejeta akaikataa, eti inaongeza uzito. Kwa hofu ya uzito huohuo akang'oa na viti vya nyuma. Fundi akainua mabega, akafunga alichoambiwa.

Nyumba ikageuka gereji. Mkunga, ambaye damu na maji ya uzazi havijawahi kumtia kichefuchefu, alianza kutapika nyumbani kwake mwenyewe. Mafuta ya giaboksi yalinuka kwenye shuka, kwenye mito, hata kwenye nywele za mtoto. Siku moja alitoka uani na taulo, akamkuta Risasi amemwaga maji ya kumwogeshea mtoto na kulijaza beseni petroli. Alikuwa akioshea vyuma vyake humo, huku anapiga mluzi.

"Beseni la mwanao hilo!"

"Nitalisuuza, mama watoto. Mbona kelele?"

Siku hazikuganda. Wifi yake, mdogo wake Risasi wa tumbo moja, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mkunga alimpima, akakuta mtoto amekaa vibaya. Huyo si wa zahanati, ni wa kisu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine, ndipo Risasi akaitwa. Wakamlaza dada yake nyuma, kwenye bati tupu, blanketi moja chini yake.

Barabara ilikuwa nyeupe hadi daraja kubwa. Hapo wakakuta foleni. Gari likawa linasota, linasimama, linasota tena. Haikupita muda harufu ikapanda, kali, ya kitu kinachoungua, halafu moshi ukaingia kupitia sakafuni. Risasi akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kwa nguvu zote, lakini gari halikusogea hata shubiri.

"Kaka, nakufa," dada yake alisema.

Risasi akaruka nje, akajilaza chini kuchungulia uvungu, akashika kichwa. "Jamani, giaboksi yangu!"

Mkunga aliyasikia maneno hayo huku mkono wake uko juu ya tumbo la wifi yake. Alitamani kutema mate.

Aliyewaokoa ni dereva wa lori la taka. Alishuka, akawapakia mkunga na wifi yake kwenye kiti cha mbele, akalipandisha lori juu ya ukingo wa barabara akipiga honi. Lori lilinuka uozo wa mji mzima, lakini lilikwenda.

Mtoto alitolewa hai. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka, madaktari wakautoa. Mama yule hatazaa tena.

Risasi alifika jioni, mikono myeusi hadi viwikoni. "Nilikuwa nasubiri gari la kuvuta," alijieleza. "Ningeliacha pale wangelinyofoa vifaa vyote."

Mkewe alimtazama kama mtu anavyotazama funza kwenye jeraha. "Dada yako alikuwa anavuja damu, wewe unalinda vyuma?"

Risasi akanyoosha mkono kuelekea kwa mtoto. Dada yake akamgeuzia kichanga ukutani.

"Toka, kaka."

Wapambe hawakuja hospitali hata mmoja. Jumapili iliyofuata walikuwa wamembeba mshindi mwingine. Risasi aliliuza gari, akarudi kwenye mageti yake, na mkewe bado yumo nyumbani kwa ajili ya watoto, lakini chakula anamwekea mezani na kuondoka. Yule mtoto sasa anatembea. Mjomba wake humwona kwa mbali, akipita na mama yake upande wa pili wa barabara.

FUNZO

Ndugu zangu, mbio si dhambi, na gari zuri si haramu. Dhambi ni kukichukua chombo kinachowabeba watu wako na kukigeuza pambo la kupigiwa makofi. Chombo chenye kazi mbili kichagulie kinachofaa kwa ile kazi yenye roho za watu, hata kama utapitwa na kuchekwa. Wanaokushangilia hawatakuuguzia mtu. Na wewe fundi unayejua hatari kisha ukainua mabega, nawe una sehemu yako.