Vidonge Katika Moto wa Makambi

Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti, mwaka wa 2025, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi hiyo nilikuwa sokoni Uriri nikipanga mikungu ya ndizi kwenye turubai kama ninavyofanya kila siku, Sabato na isiyo Sabato, kwa sababu tumbo halina Sabato. Binti yangu Joyline, wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameondoka mapema kwenda makambi pamoja na jirani yetu, mama Nyarangi. Alivaa gauni jeupe. Uji aliukataa. Nilidhani ni haraka ya mtoto anayetaka kukaa mbele.

Makambi, kwa asiyejua, ni lile juma la Agosti ambapo waumini wa kwetu huacha kazi, hujenga vibanda uwanjani, huimba na kusikiliza mahubiri hadi Sabato ya mwisho. Mimi nilikuwa mtu wa makambi zamani. Niliacha tangu tulipomzika mke wangu, Eucabeth. Siku aliyozidiwa, ambulensi ilikuwapo, imeegeshwa mbele ya macho yetu, na dereva akasema haina mafuta. Halafu wakubwa wakaja mazishini na magari yaliyojaa mafuta, wakashika maikrofoni, wakasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Bwana hakutwaa mafuta ya ambulensi. Hilo nitalisema mpaka nife, na atakayekasirika akasirike.

Mwaka huu mzee wa kanisa letu, Mogire, alialika mhubiri kutoka mjini Homa Bay, jina lake Stanley Okari. Mchungaji ana makanisa mengi ya kuzunguka, kwa hiyo Mogire aliamua peke yake, wala hakuuliza mtu anatoka wapi huyu na anafundisha nini. Kwetu ukipewa cheo, hata kama ni cha kufungua mlango wa kanisa, unaacha kuuliza maswali.

Okari alikuja na kitambaa kirefu kilichochorwa sanamu ya unabii wa Danieli: kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo. Pembeni lilichorwa jiwe ambalo halikuchongwa na mkono wa mtu, linakuja kuipiga ile sanamu miguuni. Joyline alinieleza yote jioni ya Jumatatu akichambua managu. Alisema jiwe ni Kristo, na chuma na udongo ni falme za siku za mwisho ambazo hazishikani. Nikamwambia kama ni hivyo, jiwe lianzie kwa wale wa ambulensi. Akacheka mpaka mboga zikamwanguka. Baadaye akauliza kama ni kweli kwamba Yesu akirudi, waliokufa wakimwamini ndio watafufuka kwanza. Nikamjibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa.

Sasa, katika makambi yetu huchimbwa shimo la moto. Hiyo ni desturi tuliyoikuta. Mtu akiokoka huleta kile alichokitegemea badala ya Kristo, akakitupa humo watu wakiona. Mmoja huleta tumbaku, mwingine hirizi, mwingine chupa ya chang'aa. Ni jambo jema, na nimeona walevi wakipona kupitia shimo hilo. Lakini Okari akaongeza lake. Siku ya Jumatano alitangaza kwamba Yesu atatokea Sabato hiyo hiyo, katika wingu dogo upande wa mashariki, na kwamba yeyote atakayemlaki akiwa na dawa za hospitali ameonyesha kwamba anamwamini daktari kuliko Mwokozi. Mogire na wazee wenzake walikuwa wameketi nyuma yake kwenye viti vya plastiki. Wakaitika amina.

Joyline ana kifafa. Kilianza akiwa darasa la pili, lakini kwa vidonge vyake vya asubuhi na jioni alikuwa amekaa zaidi ya mwaka bila kuanguka. Jumatano hiyo alisimama kwenye mstari wa shimo, nyuma ya watu wazima, na zamu yake ilipofika akatupa pakiti nzima. Mama Nyarangi alikuwa kwenye jiko la makambi na hakumwona. Wazee walimwona. Mmoja wao hata alimshika bega akamwambia ana imani kubwa kuliko wakubwa wake. Nyumbani nilipomuuliza kama amemeza dawa, alisema ndiyo. Aliendelea kusema ndiyo mpaka Ijumaa.

Basi ikafika Jumamosi. Watu walitoka vibandani wakasimama kutazama mashariki. Wingu lilikuwapo, ni kweli. Lilikuwa wingu la mvua, linalotoka upande wa Kisii kama lilivyotoka Agosti zote za maisha yangu. Watu walipoliona wakaanza kulia na kukumbatiana. Joyline alikuwa karibu na meko ya akina mama, hajala tangu Ijumaa kwa sababu ya mfungo wa kumngoja Yesu. Akaanguka, na mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Macho yote yalikuwa juu. Ni mama Nyarangi aliyesikia harufu, akageuka, akamvuta, kisha akamtuma mtu wa bodaboda aje aniite.

Nilipofika mtoto alikuwa ameshikwa na kifafa kwa mara ya pili. Mzee mmoja alikuwa amekalia miguu yake, mwingine anamsukumia kijiko katikati ya meno, naye Okari anakemea pepo. Mkono ulioungua hakuna aliyeumwagia hata tone la maji. Nilimsukuma yule wa kijiko akaketi chini. Nilimlaza mtoto kwa ubavu jinsi wauguzi walivyotuonyesha, nikakunja shati langu nikamwekea chini ya kichwa, nikaagiza maji.

"Baba Joyline, usimzuie Roho," Mogire akaniambia. "Mtoto yuko karibu kufunguliwa."

"Mtoto ameiva mkono, mzee. Inama unuse."

"Saa zimebaki chache. Utampeleka wapi?"

"Kwa watu wanaojua kazi yao," nikamjibu, nikambeba.

Kwenye kituo cha afya tulimkuta muuguzi anayeitwa Priscilla, mama Mkuria wa kule karibu na mpaka wa Tanzania. Nilimvamia kwa maneno makali, maana nilikuwa nimezoea kuambiwa hakuna hiki, hakuna kile. Akaniambia nigombane baadaye, kwanza nimshikie mtoto mkono. Alimdunga sindano ya kutuliza kifafa, akausafisha mkono, akaufunga. Ulimi ulikuwa umechanika, na jino moja limevunjwa na kile kijiko cha wazee.

Mchana Joyline alipozinduka, kitu cha kwanza alichouliza ni kama Yesu amekuja. Nikasema hapana. Machozi yakamtoka. Priscilla akaketi kitandani, akamuuliza kwa upole dawa zake ziko wapi.

"Nilizitupa motoni," Joyline akasema. "Nikamdanganya Baba. Mama atafufuka kwanza, na mimi nikibaki kwa sababu ya vidonge, atanitafuta na asinione."

Mimi nilitoka nje. Sitaki kueleza nilichofanya huko nje. Niliporudi Priscilla alikuwa bado anazungumza naye, na maneno yake nayaandika hapa kwa sababu ninyi watoto mtakaosoma habari hii mnayahitaji kuliko mahubiri mengi.

"Joy, nisikilize. Mimi pia namngojea Yesu," alisema. "Huyo anayeweza kumtoa mama yako kaburini, kidonge kidogo hivi kitamzuiaje asikuchukue? Yeye mwenyewe alisema siku ile hakuna mtu aijuaye, hata malaika. Basi anayekutajia tarehe anajifanya anajua kuliko malaika. Na hakutuokoa kwa sababu tumeacha dawa. Alituokoa kwa kufa msalabani, na kazi hiyo ameimaliza, wewe huongezi kitu kwa kuanguka motoni. Kumngoja ni kukaa ukiwa mzima, ukifanya kazi yako na kusema kweli. Mtu mzima akikwambia acha dawa, hata kama ameshika Biblia, nenda kwanza kwa baba yako."

Joyline akanigeukia akaniomba msamaha kwa kunidanganya. Nilimsamehe. Nilimwambia pia kwamba mama yake alikuwa akimkumbusha dawa kila siku, na akifufuka leo, atauliza habari ya vidonge kabla ya kusalimia. Akatabasamu na ule ulimi uliovimba. Jioni hiyo alimeza dawa mbele yangu, na tangu hapo anazimeza mwenyewe bila kusukumwa.

Okari aliondoka Jumapili kabla maturubai hayajashushwa. Wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wanasema alivuka kwenda kisiwa cha Mfangano, na kwamba huko ana tarehe nyingine. Kuhusu Mogire, nilingoja asimame kanisani aseme neno. Sabato ya kwanza akasema Bwana amekawia ili kutupima. Iliyofuata akatangaza harambee ya viti. Nilikwenda kwa chifu kushtaki. Chifu akasema mambo ya dini ni mazito, nirudi wakati mwingine. Nilirudi. Nikaambiwa yuko mkutanoni. Sikushangaa, nawajua.

Kisha ikafika siku ya kliniki. Mimi na Joyline tulikwenda kubadilisha bandeji na kuchukua vidonge vipya, ambavyo safari hii, ajabu, vilikuwapo. Kwenye benchi tulimkuta mzee Mogire amejipenyeza katikati ya akina mama wenye watoto, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo wagonjwa wa kifafa na wale wa presha huhudumiwa pamoja. Alipotuona akaanza kukohoa.

Priscilla alimwita dirishani kabla yetu. Alimpima, akampa bahasha yake ya dawa, akamsifu kwa sauti ya kusikika na benchi zima, kama anavyowasifu wote wanaofanya vizuri. Alisema presha imeshuka vizuri sana, na kwamba inaonekana mzee hajaruka dawa hata siku moja tangu mwezi wa Julai.

Mogire aliitia bahasha katika mfuko wa ndani wa koti na kuanza kuondoka. Joyline akasimama. Nilitaka kumvuta gauni, kisha nikaacha. Alimsalimia kwa adabu, kama tunavyowafundisha watoto kusalimia wazee wa kanisa, mkono mmoja umefungwa bandeji. Akamuuliza swali. Akina mama waliacha kunyonyesha wakamtazama mzee. Mogire akatoka nje akaacha fimbo yake kwenye benchi. Tangu siku ile wazee wenzake nimewauliza mmoja mmoja swali hilo hilo, sokoni na njiani, na kila mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali.

Joyline alimuuliza hivi tu: "Mzee, Jumatano ile tulipotupa zetu, kwa nini wewe hukutupa zako?"