Idhini ya Marehemu Reino

Jioni ile nilitumwa kazi ndogo tu: kwenda kwa shemeji yangu Aune kumwekea sasisho kwenye kompyuta.

Ofisi yetu ni ya watu wanne, huku kaskazini mwa Michigan, na kazi yetu ni kuandika skripti, yaani programu fupi za kompyuta. Skripti iliyotupa jina ni ya kivuko. Ziwa likiganda, watu hukatiza juu ya barafu kwa pikipiki za theluji kwenda ng'ambo. Vipima vilivyochimbiwa ziwani hutuma unene wa barafu, skripti inausoma, kisha inawasha taa kwenye nguzo ya ufukweni. Kijani, pita. Nyekundu, baki ulipo.

Aliyeiandika ni binamu yangu Reino. Machi iliyopita alikwenda kurekebisha kipima kimoja, barafu ikafunguka chini yake. Pikipiki ilipatikana. Yeye hakupatikana.

Mjane wake, Aune, alichukua skripti ile na kuitunza. Akaacha kuja ofisini. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya jikoni inayotazama ziwa.

Sasisho lenyewe lilikuwa la kiendelezi cha kihariri, ile programu tunamoandikia msimbo. Lilikuwa na mambo mawili mapya. Kwanza, ukiandika nusu mstari, linakumalizia kwa herufi za kijivu, hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Ukibonyeza kitufe cha Tab, kijivu kinakuwa cheusi. Kinakuwa chako. Pili, sasa tuliweza kuidhinisha mabadiliko ya wenzetu humo humo, bila kufungua ukurasa mwingine. Sheria ya ofisi ni moja: hakuna badiliko linalofika kwenye taa mpaka mtu wa pili aliidhinishe. Miaka yote, wa pili wa Aune alikuwa Reino.

Na jina lake bado lilikuwa na ruhusa hiyo. Kumwondoa ni kubofya mara mbili tu, mmoja aombe na wa pili aidhinishe. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kidole hicho.

Nilifika jua likizama.

"Vua viatu, nimepiga deki," Aune alisema. Kisha akacheka. "Eh, shemeji! Kidole kimetoka nje kuchungulia wageni."

"Soksi zinazeeka kama mwenyewe."

"Oa basi, upate wa kukushonea."

"Nani atanitaka? Nanuka kompyuta."

Alinimiminia kahawa na kunikatia mkate wa iliki. Nikafurahi kumwona amechangamka. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka. Nilivuta kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta, nikaketi.

"Nimekuja na lile sasisho."

"Nimeshaliweka. Wiki iliyopita."

"Mwenyewe?"

"Kwani mimi mtoto?" Akainama karibu na sikio langu. Sauti ikashuka. "Verner... nikuonyeshe kitu. Usimwambie Lorna."

Lorna ni bosi wetu.

Aliandika neno moja. Akaondoa mikono, akaishika bilauri ya kahawa. Akangoja.

Kijivu kikatokea.

Ulikuwa mstari wa kawaida wa kusoma kipima. Ila vipima vilikuwa vimepewa majina ya samaki, kwa Kifini cha bibi yetu. Mtu mmoja tu duniani aliandika hivyo.

"Inajifunza kwenye mafaili ya zamani, Aune," nilisema polepole. "Mafaili yamejaa mkono wa Reino. Lazima ifanane naye."

"Hivyo ndivyo nilivyojiambia na mimi."

"Na sasa?"

Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta.

Kielekezi, kile kimstari cha kuandikia, kilipepesa. Kijivu kikaja tena, chini ya ule mstari, polepole, herufi moja moja...

*Verner amekaa kwenye kiti changu.*

Niliinuka.

Mikono ya Aune ilikuwa kwenye bilauri. Yote miwili. Niliiona.

Hapo ndipo harufu ikanijia. Sufu iliyolowa. Mafuta ya pikipiki. Na chini yake harufu nyingine, ya maji yaliyokaa gizani muda mrefu.

Tone... tone...

"Bomba linavuja?" nilinong'ona.

"Hakuna bomba upande huo."

Sikutaka kutazama chini ya meza. Nikatazama kioo, nikapanda juu kwenye mabadiliko ya siku za karibuni. Nikaona mstari wenye unene wa barafu unaoruhusiwa. Reino aliuweka inchi tano, na alikuwa hataki mzaha na tano yake. Sasa ulisomeka mbili. Maandishi meusi. Pembeni yake: *Limeandikwa na Aune. Limeidhinishwa na Reino.*

Leo. Saa moja iliyopita.

"Shemeji, uliusoma huu?"

"Nisome nini? Nilibonyeza tu. Miaka yote nimeandika na mume wangu, sijawahi kumkagua."

"Barafu ya leo ni inchi tatu! Juma zima limekuwa la joto!"

Tuligeukia dirisha kwa pamoja. Kule chini, ufukweni, taa ilikuwa inawaka.

Kijani.

Wakati huo nikaona nilichopaswa kukiona nilipovua viatu. Buti zake ndefu zilikuwa zimesimama mlangoni, koti zito limetundikwa juu yake, tochi mfukoni. Aune alikuwa tayari kutoka.

"Unakwenda wapi?"

Aligeuza macho kwenye buti.

"Aune. Unakwenda wapi?"

"Ameniita." Alisema kama mtu anayesema anakwenda dukani. "Jana aliandika, *taa ikiwa kijani, jioni...* Halafu basi."

"Halafu basi nini?"

"Hakumalizia. Nimemalizia mwenyewe."

Sikumkasirikia. Mtu aliyekaa mwaka mzima akitazama maji yaliyommeza mumewe, huwezi kumpimia akili kwa kipimo chako. Lakini nilijua kwamba akitoka kwenye mlango ule, asubuhi tungekuwa tunatafuta wawili.

Nikarudisha tano. Kabla sijaondoa kidole, badiliko jingine likatangulia: mbili. *Limeidhinishwa na Reino.* Nikarudisha tena. Likageuka tena. Kila nilipoandika, jina lile lilikuwa pale kabla yangu.

"Lazima tumwondoe," nilisema.

"Usiseme hivyo."

"Jina lake. Ruhusa yake. Likiondoka, alichoidhinisha leo kinafutika na tano inarudi; lisipoondoka, taa haitarudi nyekundu."

Nilifungua kompyuta yangu mwenyewe, niliyokuja nayo, na kuandika ombi la kumwondoa. Mstari mmoja. Kisha nikamgeuzia kioo chake, ambako ombi lilikuwa limefika.

"Sheria inataka mtu wa pili. Wa pili ni wewe."

"Unanitaka nimzike."

"Nakutaka ulale ndani leo, shemeji. Hilo tu."

Barafu ililia kule ziwani. *Buuum...* sauti ndefu, kama mlango mzito unaofungwa chini ya ardhi.

Kielekezi kikapepesa.

*Aune.*

Kidole chake kikaenda kwenye Tab. Nikamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa baridi kuliko mkono wa mtu aliyekuwa ameshika kahawa.

"Usibonyeze. Soma. Soma mpaka mwisho."

*Aune, kuna baridi.*

"Najua," alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Najua, mume wangu."

*Nimeiona taa.*

"Umeionea wapi?" alikiuliza kile kioo. "Reino... umeionea wapi?"

Matone chini ya meza yakaanza kwenda haraka.

Tone. Tone. Tone tone tone...

Aune akafumba macho. Akaidhinisha.

Matone yakakata.

Taa ya ufukweni ikawa nyekundu.

Na kule ziwani, mbali na ng'ambo, mbali na huku, katikati kabisa, tukaona taa nyingine. Nyeupe. Taa ya mbele ya pikipiki ya theluji. Ilikuwa inakuja moja kwa moja upande wetu, tukisikia mngurumo wake. Ilikuja mpaka kwenye nguzo. Ikasimama.

Mngurumo ukabaki pale, chini chini, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Tulisimama dirishani, mimi na yeye, tumeshikana mikono kama watoto. Sijui ni kwa muda gani.

Kisha ile taa nyeupe ikazimika. Haikugeuka. Ilizimika.

Asubuhi nilishuka ufukweni na mzee wa zamu ya kivuko. Alama za pikipiki zilifika kwenye nguzo na kuishia hapo. Tukazifuata kinyumenyume tukiwa tumelala kifudifudi juu ya mbao, kwa kuogopa barafu. Zilianzia katikati ya ziwa. Hakukuwa na tundu mahali pale. Barafu ilikuwa nzima, laini kama sahani.

"Jamaa alianguka kutoka mbinguni," mzee alisema, na hakucheka.

Lorna alipata maelezo ya nusu. Kwenye kompyuta ya zamani ya Reino, chumba cha chini mle mle nyumbani kwa Aune, alikuta skripti fupi aliyoiandika marehemu miaka ya nyuma ili apate kwenda kuvua samaki saa za kazi: kila analoandika Aune, idhini itoke kwa jina la Reino papo hapo. Ilikuwa inafanya kazi bado. Na ule mstari wa kiti, Aune alimwambia Lorna kwamba aliuandika yeye, kwa majonzi. Lorna aliridhika. Mimi niliiona ile bilauri.

Tena skripti ile ilipewa amri ya kuidhinisha maneno ya Aune peke yake. Zile namba mbili zilizorudi kila nilipoandika tano, Aune hakuziandika.

Kiendelezi tulikizima kwa wote. Aune yuko hai, anakula, analala. Nilidhani tumemaliza.

Juzi nilimpelekea kuni. Alikuwa dirishani.

"Verner, nimekuwa nikifikiri," alisema. "Kama alitaka kunichukua, kwa nini asimame kwenye nyekundu? Mimi nilikuwa huku juu. Taa ni ya anayepita."

"Sijui, shemeji."

"Labda hakuwa ananiita. Labda alikuwa anaomba njia. Mwaka mzima yuko kule kwenye baridi, anangoja kijani arudi kwake. Na mimi nikamfungia."

Nikapanga kuni.

Nilipofika nyumbani nilikuta ombi limeingia kwenye kompyuta yangu. La Aune. Mstari mmoja: Reino arudishiwe ruhusa. Linangoja mtu wa pili.

Sijalikataa. Sijalikubali. Jioni zikiingia nazima kompyuta mapema, na pazia la upande wa ziwa silifungui.