Hesabu za Binamu Tou

Kila alasiri Yer na dada yake Gaonou walikaa kibarazani wakifunga mafungu ya mchaichai ya kupeleka soko la mji wao wa Fresno, Marekani. Yer alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole vyake. Gaonou alimtupia maswali ya hesabu huku wakifunga, na mdogo wake akikosea, alimchapa begani na jani la mchaichai. Wote wawili waliupenda mchezo huo.

Wiki hiyo nyumba yao ilijaa furaha. Gaonou alikuwa amemaliza miaka miwili katika chuo cha jamii cha pale mjini, ambako masomo ni nafuu na mtu hurudi kulala kwao. Sasa angehamia chuo kikuu na kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu, asomee sayansi ya udongo. Mama alikwisha kuagiza nguruwe wa karamu. Jumapili ukoo mzima ungekuja kumfunga Gaonou nyuzi nyeupe mikononi, kama Wahmong, watu wa kabila lao, wamfanyiavyo mtu anayeanza safari, ili roho yake isimwache njiani.

Siku ya Alhamisi Gaonou alikwenda chuo kikuu kukamilisha uhamisho, akafuatana na Yer. Mshauri wa masomo, Bi Herrera, alipitia masomo yote aliyofaulu. Alipofika kwenye kalkulasi, ile hisabati ya juu, akasita.

"Kalkulasi uliyosoma ni ya wanafunzi wa biashara," alisema. "Ni somo zuri, lakini wanasayansi wana kalkulasi yao, na ndiyo tunayoipokea. Nani alikushauri?"

"Binamu yangu Tou. Ndiye wa kwanza kwetu kuhamia hapa. Kila somo alilosoma, nami nilisoma."

"Na Tou anasomea nini?"

Gaonou alijibu polepole, "Biashara."

Nusura Yer acheke, kisha akaona machozi yanamlengalenga dada yake.

"Usikate tamaa, binti," alisema Bi Herrera. "Kalkulasi tunayoitaka itafundishwa chuoni kwenu kiangazi hiki, kila asubuhi kwa wiki sita. Ukifaulu, nafasi yako ipo. Lakini uandikishaji unafungwa kesho adhuhuri. Usipojiandikisha, nafasi hiyo atapewa mwingine."

Kila asubuhi! Asubuhi za kiangazi ni za kuchuma stroberi katika shamba lao, na mama aliitegemea sana mikono ya Gaonou.

Njiani Gaonou alimshika mdogo wake bega. "Yer, mama asijue. Watu wamekwisha kualikwa. Nitauweka wapi uso wangu?"

"Na kesho adhuhuri je, Dada?"

Gaonou aliongeza mwendo.

Walipofika nyumbani, mama alikuwa jikoni akiosha mchele. "Haya, Yer, wewe ndiye redio yetu. Chuo kikuu wamesemaje?"

Kwa mara ya kwanza Yer alikosa maneno. "Wana... wana majengo makubwa sana, Mama."

Mama alicheka. Yer hakuwa amesema uongo, lakini moyo ulimuuma kama aliyeusema. Akatoka mbio kumfuata dada yake kibarazani.

"Dada, mama ameniuliza, nami nimemsimulia majengo! Akiuliza tena, sitamdanganya. Mwambie mwenyewe. Twende, nitasimama karibu nawe."

Gaonou alijifuta uso, akaingia jikoni na kueleza yote. Mkono wa mama ukasimama ndani ya mchele.

"Yaani umemfuata Tou mpaka darasani? Na angeoa, nawe ungeoa?"

Yer aliangua kicheko. Hata Gaonou alicheka, machozi yakimtoka.

"Na stroberi je, Mama?"

"Atazichuma huyo aliyekuonyesha njia." Mama alichukua simu. "Wewe Tou! Una viatu vya shambani? Huna? Basi vitafute."

Kesho yake asubuhi Gaonou alijiandikisha. Jumapili, kabla hajafungwa uzi hata mmoja, alisimama mbele ya ukoo akasema ukweli wake.  Shangazi mmoja akasema, "Kumbe bado una mlima! Basi lete mkono, mimi nakufunga nyuzi mbili." Wakacheka, wakamfunga, wakala wakashiba.

Kiangazi chote Tou aliinama shambani akilalamikia kiuno, huku Yer akimcheka. Gaonou naye alipambana na kalkulasi. Matokeo ya mtihani yalipotoka, alikuwa amefaulu vizuri, na Bi Herrera akathibitisha nafasi yake.

Jioni hiyo mama aliwaketisha binti zake. "Tou hakukudanganya, Gaonou. Alikuonyesha njia yake. Wewe hukuuliza kama inafika unakokwenda. Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa kutaka kulificha. Mficha uchi hazai, mwanangu. Ungenyamaza siku moja tu zaidi, leo tusingekuwa na la kusherehekea."

Gaonou aliinamisha kichwa, akakubali.

"Mimi nimejifunza, Mama," Yer alidakia. "Nikikua nitasoma sayansi ya udongo kama Dada!"

Mama alimtazama. "Umemuuliza nani?"

"Sijamuuliza mtu bado."

"Basi anza kujiuliza wewe mwenyewe."