Jezi Yenye Uzi wa Njano

Jumapili ya kwanza ya mashindano ya shule, ukingo wa mto Schuylkill ulikuwa umefurika watu. Wazazi wamejifunika mablanketi, wanafunzi wa Filadelfia nzima wanapita na mashua mabegani wakipiga kelele, "Vichwa! Vichwa!" ili watu wainame. Nicolette Pascuzzi, kocha wa wasichana, alikuwa kwenye simu, hakuinama. Mkia wa mashua ukakipiga kikombe chake, kahawa yote ikaishia kwenye koti lake jeupe.

"Samahani sana, dada," alisema mwanamume aliyekuja mbio nyuma ya mashua. "Vijana wangu wana mabega, macho bado."

"Na kocha wao?"

"Kocha wao macho anayo. Ila sasa hivi hayaioni mashua."

Nicolette alitaka kununa, akashindwa. Jamaa alikuwa mrefu, mweusi, kifua kimejaa, kofia ya sufu imemkaa upande. Alivaa jezi ya kijani ya chuo alichosoma, kuukuu, imetoboka begani. Aliitwa Desmond Ruffin, na alifundisha wavulana wa shule ya ng'ambo ya mto. Kahawa alimnunulia nyingine, na namba ya simu akaomba.

Aprili yote ikawa ya simu.

"Umekula?"

"Nimekula sandwichi."

"Peke yako?"

"Na wavulana thelathini wanaonuka soksi. Unataka majina yao?"

"Nataka jina la mwanamke, kama yupo."

"Yupo. Anaitwa Nicolette, ana wivu mpaka wa sandwichi."

Ulikuwa utani, lakini uliuma. Mwanamume wa kwanza aliyetaka kumwoa alichoshwa na maswali yake, akaenda zake. Safari hii Nicolette alijiapiza kufunga mdomo, maana Desmond alimpenda kweli na hakutaka kumpoteza kwa kosa lilelile. Akaichukua jezi ya kijani, akaishona begani kwa uzi wa njano, akampelekea mwenyewe.

Asubuhi moja ya Mei, akiwafuata wasichana wake kwa motaboti, aliiona jezi ile. Aliyeivaa ni Greer Lindqvist, kocha wa mahasimu wao wa kila mwaka, mwanamke wa miguu mirefu na nywele za rangi ya mahindi. Alikuwa anapiga makasia peke yake, uzi wa njano unang'aa begani. Nyuma yake kidogo, katika mashua nyingine, alikuwa Desmond, akihema na kucheka.

Jioni Nicolette akampigia Desmond.

"Jezi yako ya kijani iko wapi?"

"Iko kwenye nguo chafu."

"Na asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nililala sana leo. Kwani kuna nini, mpenzi?"

"Hakuna kitu. Endelea kulala. Na usinipigie tena."

Desmond alipiga. Hakupokelewa. Alituma ujumbe, ukafutwa bila kusomwa. Usiku Nicolette alilia, na asubuhi akaenda mtoni na hasira zake zote.

Siku ya fainali, Junie, nahodha mdogo anayeongoza mashua ya wasichana wanane, alimuuliza, "Kocha, tuanze taratibu kama kawaida?"

"Anzeni kwa nguvu zote. Nataka wale wa Greer wauone mkia wetu tangu mwanzo."

"Tutachoka njiani, Kocha."

"Mtachoka mkishafika."

Hasira hasara. Waliongoza mpaka katikati, kisha makasia yakawa mazito, mmoja akayakosa maji, na mashua ya Greer ikawapita kama wamesimama. Wavulana wa Desmond walikuwa ukingoni wakishangilia. Nicolette hakutaka hata kujua wanamshangilia nani.

Gatini, wasichana wake walijipanga, macho mekundu. Kila mmoja akamkabidhi jezi yake mshindi wa kiti kama chake. Ndiyo desturi ya mto ule: ukishindwa, jezi yako si yako tena. Nicolette mwenyewe alikuwa na kabati zima la jezi za watu, nyingine za wanaume, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpenda.

Wivu ulikuwa umemsahaulisha hilo. Akamfuata Greer.

"Ile jezi ya kijani uliipataje?"

"Ya Desmond? Nilimshinda siku makocha tulipopimana nguvu. Tangu hapo ananisumbua kila alfajiri anataka marudiano. Nimeshamchukulia fulana nne. Mwambie aache, mume wangu ameanza kuuliza nazitoa wapi."

Nicolette alirudi kwa wasichana wake kwanza. "Mbio hizi nimezipoteza mimi," aliwaambia. "Nilikuwa na hasira zangu, nikazipakia kwenye mashua yenu. Nisameheni."

"Tulijua, Kocha," Junie alisema. "Ilikuwa nzito."

Ndipo akampigia Desmond.

"Kwa nini hukuniambia ulishindwa?"

"Umenishonea kwa mkono wako, mimi nikaipoteza wiki ileile. Ningekuambia nini? Nilitaka niirudishe kwanza."

"Nilidhani uko naye."

"Niko naye wapi, Nico? Kila siku ananiacha nyuma."

Nicolette alicheka na machozi yanamtoka. "Mimi nina wivu, Dez. Si wa utani. Hautaisha kesho."

"Na mimi naona aibu kushindwa mpaka nadanganya. Nayo haiishi kesho. Tuoane tu, tuyangoje yaishe tukiwa pamoja."

"Njoo gatini," Nicolette alisema. "Njoo na mashua ya watu wawili."

Alikuja nayo. Alipotaka kukaa mahali ambapo angekuwa mbele ya macho yake, Nicolette alimzuia.

"Hapana. Wewe kaa nyuma ya mgongo wangu."

"Huko hutaniona hata kidogo."

"Ndiyo. Nikikubali kuolewa, nitakuwa na siku nyingi za kutokuona uko wapi. Acha nianze leo."

Wakasukuma mashua. Mara mbili Nicolette aligeuka kumtazama. Ya tatu akajizuia, akasikiliza makasia ya Desmond yakiingia majini pamoja na yake.

"Nimekubali," alisema bila kugeuka.